Kima Akipona, Binadamu Je? Historia ya Wanyama katika Kutafuta Chanjo ya UKIMWI

Wiki chache zilizopita, nikiwa nahitimisha mhadhara kuhusu historia ya magonjwa katika Afrika ya kikoloni, mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili alinyosha mkono. "Mwalimu," aliniuliza, "chanjo ya Korona ilipatikana kabla hata mwaka haujaisha. UKIMWI sisi tumezaliwa tumeukuta, na wazazi wetu waliukuta wakiwa vijana. Hivi hiyo chanjo inatafutwa kweli, au ni sisi tu hatuna thamani?" Ukumbi ulicheka, kisha ukanyamaza.

Nilimjibu kwa maneno machache kwa sababu muda ulikuwa umekwisha, na nikiri kwamba jibu langu halikuniridhisha mimi mwenyewe. Makala haya ni jibu refu nililomdai mwanafunzi yule, nami nimeona niliandike hadharani, kwa kuwa swali lake ni la wengi.

Swali la thamani silipuuzi. Mimi ni mtoto wa Kagera, mkoa ambako wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mwaka 1983. Nimeona nyumba ambamo bibi alibaki peke yake na wajukuu saba. Mtu aliyeyaona hayo hahitaji kufundishwa kwamba dunia haigawi huruma yake kwa usawa. Lakini historia hailei majibu mepesi. Fedha nyingi zimetumika, na majaribio mengi yamefanyika, mengine hapa hapa kwetu. Anayetaka kujua kwa nini chanjo haijapatikana hana budi kupita mahali ambapo wengi wetu hatukufikiria kupita, yaani kwenye vizimba vya kima na sokwe.

Mtengenezaji wa chanjo hutegemea walimu wawili. Wa kwanza ni mgonjwa aliyepona, kwa maana mwili wake unaonyesha kinga ya namna gani inatosha kuushinda ugonjwa. Wa pili ni mnyama anayeugua kama binadamu, ambaye chanjo yaweza kujaribiwa kwake kabla ya kumfikia mtu. Kwa Korona walimu wote wawili walikuwepo. Watu kwa mamilioni walipona wenyewe, na kima walioambukizwa maabara walionyesha dalili zilizosomeka. Kwa virusi vya UKIMWI mwalimu wa kwanza hayupo. Kirusi kikishaingia mwilini hujishona ndani ya urithi wa seli zetu na kubadilika sura kila siku, na mwili hauna desturi ya kukifukuza. Mzigo wote ukamwangukia mwalimu wa pili, naye ndiye mwenye historia ninayotaka kuisimulia.

Nianze mbali kidogo, mwaka 1927, katika koloni la Gold Coast ambalo leo ni Ghana. Tume ya watafiti iliyotumwa na taasisi ya Rockefeller ilikuwa Afrika Magharibi kutafuta chanzo cha homa ya manjano. Walikuwa wamewadunga wanyama wa kila namna damu ya wagonjwa, wakiwemo kima wa Kiafrika, bila mafanikio. Wanyama hawakuugua. Ndipo walipoagiza kima wa jamii ya makaki kutoka India. Mwishoni mwa Juni mwaka huo, katika kijiji cha Kpeve, walichukua damu ya kijana Mwafrika aliyeitwa Asibi, aliyekuwa na homa si kali sana, wakamdunga makaki mmoja. Baada ya siku chache kima yule alikufa kwa homa ya manjano. Asibi alipona.

Tukio lile lilifungua mlango. Sasa ugonjwa ulikuwa na mnyama wa kuusomea. Gharama yake ilikuwa kubwa: Adrian Stokes, mmoja wa watafiti wale, alifariki kwa homa hiyo hiyo mjini Lagos mwezi Septemba mwaka ule ule. Lakini miaka kumi baadaye, mwaka 1937, Max Theiler, mzaliwa wa Pretoria aliyekuwa akifanya kazi New York, pamoja na mwenzake Hugh Smith, walitoa chanjo ya 17D. Kirusi walichokidhoofisha kuitengeneza kilikuwa kizazi cha kile kilichotoka katika damu ya Asibi. Theiler alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1951. Chanjo hiyo ndiyo tunayodungwa hadi leo kabla ya kupewa ile kadi ya njano ya safari.

Naomba msomaji aweke akilini mambo mawili katika kisa hiki. La kwanza ni kwamba kima wa Kiafrika walikuwa wamezoeana na ugonjwa wa bara lao, na aliyeugua ni mgeni wa kutoka Asia. La pili ni kwamba mnyama alifaa kwa sababu alipewa kirusi kile kile kinachomuua binadamu, naye akaugua ugonjwa ule ule. Kwa homa ya manjano, kima alikuwa shahidi mwaminifu. UKIMWI haukutupatia shahidi wa namna hiyo.

Tarehe 23 Aprili 1984, Margaret Heckler, waziri wa afya wa Marekani, aliwatangazia waandishi wa habari kwamba chanzo cha UKIMWI kimepatikana. Françoise Barré-Sinoussi, Luc Montagnier na wenzao wa Taasisi ya Pasteur, Ufaransa, walikuwa wameshakieleza kirusi hicho mwaka uliotangulia. Heckler aliongeza tumaini kwamba chanjo ingekuwa tayari kwa majaribio katika muda wa miaka miwili hivi. Waliomsikia hawakuwa na sababu ya kumcheka. Surua, polio na homa ya manjano vilikuwa vimeshapatiwa chanjo. Ilionekana kazi iliyobaki ni ya fundi tu.

Mnyama wa kwanza kufikiriwa alikuwa sokwe, ndugu yetu wa karibu kuliko wote. Sokwe waliambukizwa kirusi cha binadamu na kilishika, na serikali ya Marekani ikaanzisha mpango wa kuwazalisha kwa ajili ya utafiti. Zaidi ya sokwe 100 walidungwa kirusi. Kisha watafiti wakangoja. Miaka ikapita, sokwe wakaendelea kula, kucheza na kunenepa. Kirusi kilikuwa ndani yao lakini ugonjwa haukuja. Mmoja tu anayejulikana sana, aliyeitwa Jerom, katika kituo cha Yerkes mjini Atlanta, alipata UKIMWI kamili miaka ipatayo kumi baada ya kuambukizwa, akafa mwaka 1996. Chanjo haiwezi kupimwa kwa mnyama ambaye haugui hata bila chanjo.

Hata hivyo sokwe walitumika kujenga matumaini. Mwaka 1990 ilitangazwa kwamba sokwe wawili waliochanjwa kwa gp120, protini ya ganda la kirusi, walikingwa walipodungwa kirusi. Kirusi walichodungwa kilikuwa cha aina ile ile iliyotumika kutengeneza chanjo, kilicholelewa maabara kwa miaka. Chanjo ya ukoo huo, iliyoitwa AIDSVAX, ilijaribiwa kwa watu zaidi ya 5,000 Marekani ya Kaskazini na Uholanzi. Matokeo yalitoka Februari 2003. Haikukinga.

Wakati sokwe wakikataa kuugua, kima wa Asia walikuwa wakifa katika vituo vya utafiti vya Marekani, na kwa muda hakuna aliyejua sababu. Katika kituo cha Louisiana, makaki waliodungwa tishu zenye ukoma kutoka kwa kima wa Afrika Magharibi aitwaye mangabey walidhoofika kwa namna ambayo ukoma peke yake haukuweza kuieleza. Mwaka 1985 watafiti wa kituo cha New England, karibu na Boston, wakatambua kirusi kinachofanana na cha UKIMWI ndani ya makaki wagonjwa. Kiliitwa SIV. Baadaye ilithibitika kwamba kilitoka kwa mangabey, ambaye huishi nacho kwao porini bila kuugua, na kwamba makaki walikipata mikononi mwa binadamu, ndani ya vizimba na kwa sindano zetu.

Ni kisa cha Asibi kilichojirudia: mwenyeji wa Afrika haumwi, mgeni wa Asia anakufa. Makaki mwenye SIV hupoteza kinga, hupata magonjwa nyemelezi, na mara nyingi hufa ndani ya mwaka mmoja au miwili. Hatimaye sayansi ilipata mnyama anayeugua. Ila safari hii kirusi hakikuwa kile cha binadamu. Kilikuwa binamu yake. Sokwe alikuwa na kirusi sahihi bila ugonjwa, na makaki alikuwa na ugonjwa sahihi bila kirusi. Miaka arobaini ya majaribio imepita katikati ya mapengo hayo mawili, na makosa matatu yaliyofanyika humo yanafaa kukumbukwa.

Kosa la kwanza lilitokea kati ya mwaka 1989 na 1991. Maabara kadhaa ziliripoti kwa furaha kwamba chanjo ya SIV iliyouawa iliwakinga makaki. Kisha mtafiti wa Uingereza, James Stott, pamoja na wenzake, wakafanya jambo ambalo kila mwanafunzi anapaswa kulifanya, yaani kuuliza kinyume cha anachotaka kusikia. Waliwachanja baadhi ya kima kwa seli za binadamu tupu, zisizo na kirusi chochote, na wengine kati ya hao nao wakakingwa. Kumbe kirusi cha chanjo na kirusi cha majaribio vyote vilikuwa vimeoteshwa ndani ya seli za binadamu, vikatoka na vipande vya ganda la seli hizo. Kinga ya kima ilikuwa ikipambana na alama za binadamu, si na kirusi. Kirusi kilipooteshwa katika seli za kima, ulinzi ule ukatoweka.

Kosa la pili lilikuwa la kutisha zaidi. Mwaka 1992 kundi la Ronald Desrosiers lilionyesha kwamba SIV iliyoondolewa jeni iitwayo nef haikuwadhuru makaki wazima, bali iliwapa kinga imara kuliko chanjo yoyote iliyotangulia. Wapo waliotaka njia hiyo ihamishiwe kwa binadamu haraka, kwa hoja kwamba watu wanakufa. Mwaka 1995 kundi la Ruth Ruprecht, mjini Boston, likaripoti kwamba makaki wachanga waliopewa kirusi kilichodhoofishwa waliugua UKIMWI kutokana na chanjo yenyewe. Hapo kima alitusaidia kwa namna ambayo haisifiwi vya kutosha, kwa kutuzuia. Fikiri msomaji, chanjo ile ingeanza kutolewa katika kliniki zetu za mama na mtoto.

Kosa la tatu linaonyesha kwamba mwamba ngoma huivutia kwake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti waliunganisha kiini cha SIV na ganda la kirusi cha binadamu, wakapata kirusi chotara kiitwacho SHIV. Lilikuwa wazo zuri. Lakini SHIV moja maarufu, 89.6P, ilikuwa na tabia isiyofanana na ya kirusi cha mitaani: iliangamiza kinga kwa kasi kubwa, na bado ilikuwa rahisi kuzuiwa na chanjo. Kampuni ya Merck ilijaribu chanjo yake dhidi ya kirusi hicho, na matokeo kwa kima yakawa mazuri. Ilipojaribiwa baadaye dhidi ya SIV halisi, ambayo ni ngumu zaidi, ulinzi ulikuwa hafifu. Taarifa hiyo ilichapishwa mwaka 2005, na majaribio ya binadamu yakaendelea. Septemba 2007 jaribio lililoitwa STEP, lenye watu 3,000, lilisimamishwa. Chanjo haikukinga, na miongoni mwa baadhi ya wanaume waliochanjwa maambukizi yalikuwa mengi kuliko kwa wasiochanjwa. Jaribio dada la Afrika Kusini, Phambili, likasimamishwa likiwa tayari limeandikisha watu 801. Shahidi mgumu alikuwa ameshasema, lakini aliyesikilizwa ni shahidi laini.

Haya yanatuhusu, kwa sababu baada ya kima anayefuata katika foleni ni mtu, na mara nyingi mtu huyo ni wa kwetu. Jaribio la kwanza la chanjo ya UKIMWI barani Afrika lilifanyika Kampala mwaka 1999, likiwa na washiriki 40. Mwaka 2001 Nairobi ikafuata, kwa chanjo iliyobuniwa na wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Oxford baada ya kuwachunguza wanawake wa Majengo waliokuwa hawaambukizwi licha ya hatari kubwa waliyoishi nayo. Dar es Salaam, kuanzia mwaka 2007, askari polisi walikuwa miongoni mwa washiriki 60 wa jaribio la HIVIS. Na kuanzia Desemba 2020 jaribio la PrEPVacc liliendeshwa Masaka, Mbeya, Dar es Salaam na Durban, likiwa na washiriki 1,512. Mojawapo ya chanjo zake ilikuwa na AIDSVAX ndani yake, ya ukoo ule ule wa protini iliyowakinga sokwe wawili mwaka 1990. Uchanjaji ulisimamishwa Desemba 2023 ilipodhihirika kwamba chanjo hazingeweza kufanikiwa.

Niliwahi kuzungumza na kijana mmoja aliyeshiriki jaribio la chanjo, ambalo sitalitaja. Hakuwa na majuto wala hakudai kudhurika. Aliniambia hivi: "Mwalimu, walitueleza kuwa kwa wanyama imefanya vizuri. Nilifurahi. Sikuuliza ni wanyama gani, na wala sikujua kama ni swali la kuuliza." Nimelibeba neno hilo tangu siku ile. Ridhaa ya mtu aliyeambiwa kuwa wanyama wamepona ni ridhaa, lakini ni ridhaa yenye upungufu, kama sahihi iliyotiwa kwenye mkataba wenye ukurasa uliochanwa.

Sitaki msomaji ahitimishe kwamba wanyama hawakutufaa kitu. Mwaka 1995 ilionyeshwa kwamba dawa ya tenofovir iliwakinga makaki wasiambukizwe SIV. Kutoka hapo ilizaliwa njia ya kumeza dawa kabla ya hatari, na mwaka 2011 jaribio lililofanyika Kenya na Uganda kwa wenza zaidi ya 4,700 lilithibitisha kwamba njia hiyo inapunguza maambukizi kwa kiasi kikubwa. Mwaka 2024, kati ya wanawake 2,134 wa Afrika Kusini na Uganda waliodungwa lenacapavir mara mbili kwa mwaka, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Dawa humkabili kirusi moja kwa moja, kwa hiyo tofauti kati ya kima na mtu huwa ndogo. Chanjo hupitia kinga ya mwili, na hapo ndipo spishi zinapoachana njia. Jaribio la Thailand la mwaka 2009, lenye watu 16,000, lilipunguza maambukizi kwa takriban asilimia 31, ingawa wataalamu wengi walikuwa wamelipinga kabla halijaanza. Chanjo nyingine ilikinga theluthi mbili ya kima, lakini mwaka 2021 ikashindwa kwa wanawake 2,600 wa kusini mwa Afrika. Shahidi mmoja anaweza kukosea pande zote mbili.

Nirudi nyumbani, Gombe, mkoani Kigoma. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba sokwe hawadhuriki na kirusi chao wenyewe, na imani hiyo ilijengwa juu ya wale wa vizimbani. Mwaka 2009 watafiti waliokuwa wamefuatilia sokwe wa Gombe kwa miaka, kwa kuokota kinyesi na mikojo yao bila kuwagusa, walitoa taarifa iliyopindua imani hiyo. Sokwe wenye kirusi porini walikuwa katika hatari ya kufa mara 10 hadi 16 kuliko wenzao wa umri wao, na majike yao yalizaa kidogo. Sokwe zaidi ya 100 wa Marekani walidungwa sindano, na baadhi yao waliishi miongo kadhaa vizimbani, hadi serikali ya nchi hiyo ilipotangaza mwaka 2015 kuachana kabisa na utafiti wa aina hiyo. Lakini jambo kubwa kuhusu UKIMWI wa sokwe tulilijua kwa kuwatazama tu, katika msitu wetu, kwa subira.

Historia hii inanipa mambo matatu ya kuwaambia wasomaji wangu. Watumishi wa umma wanaokaa katika kamati za maadili ya utafiti, mnapoletewa faili lenye maneno "matokeo kwa wanyama yanatia moyo", ulizeni ni mnyama gani, alipewa kirusi gani na kwa njia gani, na kama kirusi hicho kilikuwa kigumu au kilichaguliwa kwa ulaini wake. Wanaharakati, daini majibu hayo yaandikwe katika fomu ya ridhaa kwa Kiswahili kinachoeleweka. Na wanafunzi wangu, kumbukeni kwamba tumbili wanaoruka juu ya paa zetu hubeba SIV yao bila kuugua. Kwa nini hawaugui? Swali hilo lina haki ya kuulizwa kwa Kiswahili, na taasisi za kulijibu zipo: Nairobi kuna taasisi ya utafiti wa jamii ya kima iliyoanzishwa na Louis Leakey, na Entebbe kuna taasisi ya virusi iliyozaliwa mwaka 1936 kwa ajili ya homa ya manjano, ambayo leo ni miongoni mwa zinazoongoza majaribio ya chanjo ya UKIMWI. Lakini taasisi haziishi kwa sifa. Mwanzoni mwa 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake, mradi wa BRILLIANT, uliokuwa ukiongozwa na Waafrika wenyewe kutafuta chanjo hii, ulikwama kwa sababu hazina zetu hazikuwa na fungu la kuushikilia.

Kwa hiyo mwanafunzi wangu, jibu langu ni hili. Chanjo inatafutwa kweli, na imekuwa ngumu kwa sababu hakuna mnyama anayeweza kutusemea kikamilifu. Kuhusu thamani yetu, wanasayansi wa nje hawawezi kutujibia. Tutajibu wenyewe siku tutakapopitisha bajeti ya utafiti, na siku kijana wa kujitolea atakapouliza ni kima gani aliyepona, akapata jibu kabla hajakunja shati kudungwa sindano.